Jembe kwa Mdundo: Walivyolima kwa Ngoma Usukuma

Ukifika Bujora, pale Kisesa nje kidogo ya Mwanza, wakati wa sikukuu ya Bulabo, utawakuta vijana wamejipanga mstari, kila mmoja na jembe mkononi. Ngoma kubwa zikianza kulia, majembe yanarushwa juu, yanazunguka hewani, yanadakwa, kisha yanashuka yote kwa pigo moja. Hiyo ndiyo bugobogobo. Wageni hupiga picha, wenyeji hupiga vigelegele, na mshereheshaji huitangaza kuwa ngoma ya asili ya Wasukuma. Kweli ni ngoma yetu. Lakini mstari ule ulipokuwa shambani, majembe yalikuwa yanagonga udongo, na jua lilipozama lilibaki shamba lililolimwa. Naandika habari hii kwa sababu wajukuu zangu wanaijua ya jukwaani tu, na walimu wao pia.

Nimezaliwa Kwimba, nikasomea kilimo Ukiriguru, na utumishi wangu wote nimekuwa bwana shamba katika wilaya za Usukuma. Babu alilima kwa ngoma. Baba alilima kwa plau. Mimi nililipwa mshahara niwaambie watu walimeje. Nimeona jinsi kazi ileile, kwa jembe lilelile, ilivyoweza kumfanya mtu atembee kifua mbele kijiji kizima, au kumfanya ajifiche akimwona karani kwa mbali. Tofauti haikuwa katika udongo wala katika mvua. Ilikuwa katika nani aliyesema, "Kesho tunalima."

Usukuma ni nchi ya mawe makubwa yaliyopangana vilimani, na chini yake mabonde mapana. Juu kuna luseni, mchanga mwepesi unaolimika hata na mtoto. Chini kuna mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi, na mvua ikinyesha unang'ang'ania jembe na mguu. Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, kila kaya inataka kulima siku zilezile. Anayechelewa huliona pengo lake ghalani. Mtu na mkewe na watoto wawili hawawezi kuimaliza mbuga kwa mkono kabla haijageuka tope. Ndiyo maana watu walikusanyika.

Hata utawala wetu ulianzia kwenye kufyeka. Mtawala aliitwa ntemi, mtu wa kutema. Wako wazee wanaosema ntemi wa kwanza ni yule aliyetema miti porini akafungua nchi. Wako wanaosema ni yule anayekata maneno watu wanaposhindwa kuelewana. Mimi sioni haja ya kuchagua. Aliyefungua pori ndiye aliyegawa mashamba, na aliyegawa mashamba ndiye aliyeitwa majirani walipogombea mpaka. Ntemi alilimiwa shamba lake na watu wake, na yeye alidaiwa mvua. Mvua ikigoma mwaka baada ya mwaka, waliweza kumwondoa. Kumlimia mtawala ilikuwa sehemu ya mapatano yenye pande mbili, na watu waliyajua masharti yake. Jambo hili nitalirudia, kwa sababu waliokuja baadaye walichukua upande mmoja tu wa mapatano hayo.

Jembe lenyewe halikuwa kitu cha dukani. Chuma kilitoka kwa Warongo, wafua chuma wa upande wa Geita na Uzinza, kusini-magharibi mwa ziwa. Walihitaji mawe yenye chuma na miti ya kuchoma makaa. Walijenga tanuru za udongo, wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi saa nyingi bila kupumzika, mpaka chuma kikajikusanya chini. Kisha kikapigwa, kikarudishwa motoni, kikapigwa tena. Jembe lililotoka hapo lilikuwa pana mfano wa jani, na nyuma lina mkia uliochongoka. Mkia ule ulipenyezwa kwenye tundu la mpini, pale penye kirungu. Kadiri ulivyolima, ndivyo jembe lilivyojikaza mpinini. Likiisha makali kwa miaka, lilirudi kwa mhunzi likafuliwa kuwa kitu kidogo zaidi: shoka, kisu, ncha ya mshale.

Majembe haya yalisafiri. Misafara ya Wanyamwezi na Wasukuma iliyokwenda pwani na pembe za ndovu iliyabeba, na makadirio ya miaka ya 1880 yanataja majembe yapatayo 150,000 kwa mwaka katika soko la Tabora. Fikiria wahunzi waliokuwa nyuma ya hesabu hiyo, na misitu iliyoteketea kuwa makaa. Jembe lililipwa kama mahari. Lilitolewa hongo kwa watemi ili msafara upite. Lilitozwa kama faini. Mtu mwenye majembe kadhaa mapya ndani hakuwa maskini hata kama hakuwa na ng'ombe. Na wapagazi wenyewe walikuwa wakulima: walikwenda pwani kiangazi, wakajitahidi kurudi mvua zisiwapite. Nyimbo walizoimba njiani na nyimbo walizolimia zilikuwa ndugu, kwa kuwa mzigo na jembe vyote vinataka mdundo.

Tanuru za Warongo ziliuawa na majembe ya viwandani kutoka Ulaya. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi lake likafika Mwanza mwaka 1928. Baada ya hapo bati, chumvi, kanga na majembe vyote vikawa vitu vya duka la Mhindi. Babu yangu, tuliyemwita guku, alilimia jembe la alama ya mamba, kutoka kiwanda cha Chillington cha Uingereza. Alilisifu kwa wepesi wake na kulilaumu kwa jambo moja: likivunjika, hakuna wa kulizaa upya.

Sasa nieleze siku yenyewe ya kulima, kama guku alivyonisimulia mara nyingi, na kama nilivyoiona mwenyewe ikiwa imebaki kidogo nilipokuwa mtoto.

Vijana wa kitongoji walikuwa na chama chao kilichoitwa elika, chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Mwenye shamba alikwenda kwa nsumba ntale, si kwa kijana mmojammoja, wakapatana: shamba hili, ng'ombe dume huyu. Fedha ilipoenea, wengine walilipa shilingi, lakini nyama ndiyo iliyopendwa, kwa maana nyama inaliwa pamoja. Asubuhi ya kazi, kabla jua halijachomoza, ngoma zilisogezwa karibu na moto wa nyasi ili ngozi ikaze. Mpigaji alizigonga kwa vidole, akasikiliza, akazigeuza. Sauti ya kwanza iliyotoka ilikuwa mwito. Kijana aliyekuwa bado kwenye ngozi yake ya kulalia alijua kwamba akichelewa atatozwa. Aliyekataa kabisa, bila ugonjwa wala msiba, alitengwa: hakuna aliyemsalimia wala aliyemgawia moto, na siku akifiwa angechimba kaburi peke yake. Ilikuwa sheria kali, na sitaki kuipaka rangi. Lakini ilikuwa ya vijana wenyewe, na aliyeitunga alikuwa naye yumo mstarini.

Shamba liligawanywa kwa ngwe. Kila mlimaji alisimama mbele ya ngwe yake, bega kwa bega na mwenzake. Mbele yao, akirudi kinyumenyume kadiri kazi inavyosonga, alikuwapo ningi, mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Pembeni kulikuwa na wapigaji. Ningi anaanza, mstari unaitikia, ngoma inashika, na majembe yanapanda. Mambo mawili huamua uzuri wa mstari: majembe yapande pamoja, na yatue pamoja. Yakitua pamoja, hakuna anayemwachia mwenzake udongo mgumu, hakuna anayempita mwenzake akamkata mguu. Mlimaji hodari alirusha jembe, likazunguka mara moja au mbili, akalidaka kwenye mpini na kulishusha bila kuvunja mdundo. Wageni hudhani yale ni madoido. Guku alisema ni pumzi. Katika kile kitambo ambacho jembe liko hewani, mgongo unanyooka na kifua kinajaa. Nimefundishwa mengi Ukiriguru juu ya udongo na wadudu, lakini hakuna aliyewahi kunifundisha jambo hilo juu ya mgongo wa mlimaji.

Jua likipanda, wanawake walileta maji, uji wa mtama na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Hapa bibi yangu alikuwa na maneno yake, na sitayaacha. Alisema wanaume walijichukulia sifa ya kulima kwa sababu kulima kuna ngoma, wakawaachia wanawake palizi, ambayo ndiyo inayoamua kama kuna chakula. Kitaalamu alikuwa na haki kabisa. Mahindi au pamba iliyoachwa na magugu majuma ya mwanzo haiponi hata ukiilimia mbuga bora. Wanawake walikuwa na makundi yao ya palizi, na nyimbo zao zilikuwa za chini chini, kwa kuwa anayepalilia ameinama muda wote na jembe lake fupi, akitenganisha mche na gugu kwa jicho. Sijui kwa nini magazeti yetu ya Tanzania humpa mpaliliaji kazi mbaya: anapalilia chuki, anapalilia uhasama. Wakenya wamemtendea haki zaidi, wao hupalilia vipaji.

Jioni nsumba ntale alilikagua shamba. Ngwe iliyolimwa juu juu ilirudiwa na mwenyewe, huku wenzake wamekaa wanamtazama. Kisha wakaenda kwenye nyama.

Kilichoifanya kazi hii iwe na moto zaidi ni ushindani. Wasukuma wamegawanyika tangu karne ya 19 katika vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo vinahesabu asili yao kwa waganga wawili waliokuwa mahasimu, Ngika na Gumha. Mtoto alizaliwa akajikuta upande mmoja, kama vile anavyozaliwa katika ukoo. Baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, makundi yalishindana: kila upande unacheza, na ule unaowavuta watazamaji wengi ndio mshindi. Kulikuwa na dawa, kulikuwa na vituko, kulikuwa na nyoka na nungunungu, na zaidi ya yote kulikuwa na mashairi ya kuchomana. Vijembe hivyo vilifuata watu mpaka shambani msimu uliofuata. Kundi lililosemwa kiangazi kuwa ni la wavivu lilijibu kwa kulima mbuga nzima huku njia kuu ikipita kando, ili kila apitaye aone. Padri David Clement, Mkanada aliyeanzisha makumbusho ya Bujora, aliuelewa ushindani huu akaupa nafasi katika sikukuu ya Ekaristi. Bulabo ilitoka hapo. Bila yeye sehemu kubwa ya ngoma na majembe yaliyohifadhiwa pale ingekwisha kuliwa na mchwa.

Amri za kulima zilianza na Wajerumani. Walitaka pamba. Kusini mwa nchi walilazimisha mashamba ya pamba ya jumla chini ya majumbe, na mwaka 1905 watu wa Umatumbi wakaing'oa miche ile, vita vya Majimaji vikaanza. Huku kwetu Mwanza hapakuwa na moto wa namna ile. Theodor Gunzert, bwana mkubwa wa wilaya kuanzia mwaka 1907, alipitia kwa watemi, na pamba ikashika. Watu wengi wa kwetu walikwenda pia mashamba ya mkonge ya Tanga, wakarudi na lugha ya kipande: kadi yenye siku 30 za kazi, kila siku na eneo lake la kupimiwa. Ngwe ilikuwa imekwenda Tanga ikarudi na jina jingine na bosi mwingine. Mlimaji alipimiwa na mtu asiyelima.

Lakini Waingereza ndio waliotugeuzia kulima kuwa kesi. Mwaka 1947 walianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, makao yake yakiwa Malya. Waliona mifugo imezidi, miti imekwisha, na mchanga wa vilimani unashuka bondeni. Waliyoyaona yalikuwa kweli. Dawa waliyoandika ilikuwa matuta ya kufunga: unatengeneza tuta, na kati ya tuta na tuta unaweka vizuizi vidogo vya udongo ili maji yasimame na kuzama. Nimeyapima matuta hayo katika kazi yangu. Kwenye luseni yenye mteremko yanafaa sana. Yanaokoa udongo, na mwaka wa mvua haba yanaokoa zao. Ningemshauri mkulima yeyote wa vilimani ayatengeneze hata leo.

Tatizo lilikuwa namna yalivyokuja. Yaliagizwa kwa kila mlipa kodi, pamoja na ekari za pamba na za chakula cha akiba, samadi ya kusomba, ng'ombe wa kupunguzwa na kodi ya ng'ombe. Asiyetimiza alipelekwa kwenye baraza la ntemi akatozwa faini au kufungwa. Yaani ntemi, aliyekuwa akidaiwa mvua na watu wake, sasa aliwadai wao matuta kwa niaba ya bwana wa wilaya. Tazama pia kazi yenyewe: matuta ya kufunga yanataka nguvu nyingi mara mbili katika majuma yaleyale ya mwanzo wa mvua, ambapo kila mtu anakimbizana na kupanda. Elika ingeweza kuibeba kazi hiyo. Hakuna aliyeiuliza. Amri ilimfuata mtu mmojammoja na ekari yake, na karani akaja na kamba kupima. Guku alisema katika miaka ile vijana walikuwa wakilima shamba la mwenzao kwa ngoma siku nzima na kurudi wakicheka, halafu wakashindwa kunyanyua jembe asubuhi kwa tuta la karani.

Serikali ilipoona watu wanakusanyika na kulalamika, iliikataza TANU, chama kilichodai uhuru, kufanya kazi Usukuma kuanzia mwaka 1954. Ikasahau kwamba watu walikwisha kuwa na mikusanyiko. Baningi, watunzi wale wa nyimbo, waliziingiza ndani ya nyimbo za kulima habari za kodi, za ng'ombe na za matuta, na mpita njia Mzungu alisikia tu wakulima wenye furaha. Vijana walewale wa elika ndio waliosimama kwenye mizani ya pamba, kwa sababu wanunuzi walikuwa wakipunja. Paul Bomani na wenzake waliwakusanya wakulima hao katika vyama vya msingi, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria, uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Mwaka 1958 palitokea vurugu za Geita, watu wakaandamana mpaka Mwanza, mabomu ya machozi yakapigwa, na baada ya hapo serikali ikalegeza masharti yake ya kilimo. Zuio la TANU likaondolewa mwaka huohuo.

Nini kilifuata? Pamba iliongezeka. Ilikuwa inaongezeka tangu mwanzo wa miaka ya 1950, na iliendelea kupanda mpaka katikati ya miaka ya 1960, wakati hakuna tena karani wa kupima matuta. Wakulima walifungua mashamba mapya Geita, Maswa na kwingineko, kwa sababu bei ilikuwa nzuri na mizani ilikuwa yao. Nawaomba wanaoandika kwamba mkulima wetu hasongi mbele bila kusukumwa waitazame miaka hiyo kwa makini.

Pamba hiyohiyo ndiyo iliyomaliza ngoma shambani. Mkulima aliyeuza vizuri alinunua plau. Baba yangu alinunua la kwake kwa fedha ya pamba, na maksai wanne, na mimi nikiwa mdogo nilikuwa wa kuongoza ng'ombe mbele kwa kamba. Watu watatu na maksai wanne walifanya kabla ya saa sita kazi ambayo elika ingeifanya kutwa kwa nyama ya ng'ombe mzima. Huwezi kubishana na hesabu hiyo, na guku hakubishana. Alikuja, akatembea kwenye mfereji wa kwanza, akainama akashika udongo, akasema plau linachimba vizuri. Kisha akauliza vijana watakutana wapi.

Walijaribu matrekta pia. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru ushirika ulilima mashamba makubwa ya pamoja kwa matrekta, yakaleta hasara, yakaachwa. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, mwaka 1972 tukaambiwa pale Iringa kwamba siasa ni kilimo, na ukame ulipotushika katikati ya muongo ule tukalima kilimo cha kufa na kupona. Mwalimu Nyerere alikuwa mkweli alipoitaka nchi ijilishe. Niliamini, na bado naamini, kwamba taifa linaloomba unga halina sauti. Lakini mwaka 1974 watu wa Shinyanga na Mwanza walihamishwa kwa haraka kwenda vijiji vya mistari. Kaya zilizokuwa zimezungukwa na minyaa, kila moja na majirani zake wa miaka mingi, zilivunjwa zikapangwa upya kandokando ya barabara. Elika ilikuwa chama cha jirani na jirani. Ulipomhamisha jirani, uliihamisha elika bila kujua. Kilichorudi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ni sungusungu, vijana walewale kwa utaratibu unaofanana, ila sasa wakiwa na upinde badala ya jembe, na adui wao mwizi wa ng'ombe.

Linaloniuma zaidi ni la shuleni. Elimu ya Kujitegemea ilitaka mtoto ajue kwamba jembe na kitabu ni vya mtu mmoja. Wazo zuri. Katika shule nyingi nilizozitembelea likageuzwa fimbo. Mtoto aliyechelewa namba, aliyeongea darasani, aliyefeli hesabu, alipewa kipande cha kulima au kisiki cha kung'oa. Aliyefaulu alikaa kivulini. Nimesimama kwenye shamba la shule nikiwa na mbegu bora za Ukiriguru mkononi, nikawakuta walimaji wote wa siku hiyo ni watoto wa makosa. Utamfundishaje kilimo mtoto ambaye jembe amekutana nalo kama hukumu?

Watoto hao wamekua, wako maofisini, na wanaongea walivyofundishwa. Mtumishi aliyekosea hulimwa barua. Mchezaji hulimwa kadi nyekundu, dereva hulimwa faini. Kila mmoja anajua maana yake bila kuelezwa: umeinamishwa, umepimiwa, na aliyekupimia yuko kivulini. Naamini usemi huo umetoka barazani Malya, na kwenye kadi ya kipande, na kwenye shamba la shule. Hata hivyo lugha haijasahau upande wa pili. Kijana mchapakazi tunamwita jembe, na hakuna sifa inayomfurahisha zaidi. Watangazaji wa mpira wanapotangaza ngwe ya pili, au wanasiasa wanapoomba ngwe ya mwisho, wanazungumza kama mlimaji aliyesimama kwenye mstari, mwenye eneo lake la kukabidhi. Mgeni naye, kwa methali ile ya siku mbili, hapewi jembe siku ya tatu ili aadhibiwe; anapewa kwa kuwa tangu siku hiyo amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani.

Kijijini kwetu sasa wapo wanaokodi trekta, wengi bado wana plau, na dawa ya kuua magugu inauzwa mpaka kwenye genge la nyanya. Palizi ya pamba ndiyo kazi ambayo mashine haijaimaliza. Kuna kundi la akina mama, wengi wao vijana, wanaopalilia kwa ujira. Huwezi kumkodi mmoja peke yake. Unaongea na kiongozi wao, anakuja kuliona shamba, analitembea kona zote nne, anataja bei, nawe huwezi kushusha kwa kumlaghai mwenzake. Wanakuja na spika ndogo ya kuchaji, lakini wakishaanza huizima, mmoja anaimba, wengine wanaitikia wakiwa wameinama. Wana daftari la wanaochelewa. Msimu uliopita mwenye shamba mmoja, mtu mwenye cheo, alitaka waanze kazi kwanza ndipo bei izungumzwe, akawasimamia kwa sauti ya kikaragosi cha karani. Walimsalimia kwa heshima, wakachukua majembe yao, wakahamia shamba la jirani yake, wakaimba kwa nguvu zaidi huko. Kufikia Ijumaa alikuwa amekuja mwenyewe kwa kiongozi wao, na bei waliyopatana ilikuwa ile aliyoitaja mama yule siku ya kwanza.